Sare ya Arusi Isimfungie Ndugu Mlango



Mfunguo Mosi umeingia, na arusi zafuatana. Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia mama mmoja akatuuliza: je, ana dhambi kwa kutohudhuria arusi ya binti wa nduguye? Tulipotaka kujua kilichomzuia, aliinamisha kichwa. Akina mama wa nyumba ile walikuwa wameafikiana sare: gauni na koti lake, kitambaa kimoja, fundi mmoja. Kila sare ilikuwa shilingi 6,500. Yeye na binti zake watatu, jumla ni 26,000. “Sheikh,” akasema, “niliona haya tuwe sisi peke yetu wenye rangi nyingine.”

Hatusemi kwamba sare ni haramu. Kujipamba mbele ya wanawake wenzao ni halali kwao, na koti refu juu ya gauni ni sitara njema. Lakini sare iliyokusudiwa kuonyesha umoja wa ukoo, ikimwacha ndugu nyumbani, umoja huo u wapi?

Katika Hadithi ya Ummu Atiyya, iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, wanawake waliamrishwa watoke siku ya Idi. Pakaulizwa juu ya asiye na jilbabu, yaani vazi la juu. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, hakumwambia abaki nyumbani, wala hakumwambia akakope. Aliagiza mwenziwe amvike katika jilbabu yake. Upungufu wa mmoja ukawa ni wajibu wa mwingine.

Kwa hivyo twawausia mama na mashangazi wa maarusi. Chagueni rangi, msichague kitambaa, ili kila mtu avae alichonacho. Mkishikilia kitambaa, wenye uwezo na washone sare mbili tatu za ziada, wazipeleke kwa siri kabla mtu hajalazimika kuomba. Na atakayekuja na gauni lake la Idi asisukumwe nyuma wakati wa picha.

Ama mama yule, tulimwambia kuwa mwaliko wa walima una haki ya kuitikiwa, na kwamba bado hajachelewa kwenda kumpongeza bibi arusi, kwa nguo yoyote aliyo nayo. Lawama iliyo kubwa zaidi hatukuiweka juu yake.

Wabillahi tawfiq.