Matibabu ya watoto wenye jinsi tata yasifanywe kwa pupa



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wananchi wengi hulinong'ona tu. Nalo ni matibabu ya watoto wanaozaliwa maumbile yao hayaonyeshi wazi kama ni wa kiume au wa kike. Wengine huwaita huntha, na siku hizi husemwa kuwa wana jinsi tata.

Wapo wanaoandikishwa shule kama wasichana, lakini wafikapo umri wa kubalehe sauti huwa nzito na matiti hayaoti. Wenzao huwacheka, nao huacha masomo. Wazazi hudhani ni laana, kumbe ni hali ya mwili ambayo madaktari wanaifahamu.

Baadhi ya watu husema dawa ni kumpasua mtoto angali mchanga ili mambo yaishe. Mimi sikubaliani nao. Kwanza, baadhi ya watoto hawa wana hitilafu katika tezi zilizo juu ya figo, na mwili unaweza kupoteza chumvi hadi mtoto akafa katika wiki za mwanzo. Huyo anahitaji vipimo na dawa upesi, si kisu. Pili, upasuaji wa kumpa mtoto sura ya jinsi fulani haufutiki, na mtoto mchanga hawezi kusema yeye ni nani.

Tukumbuke yaliyompata David Reimer wa Kanada, aliyezaliwa mwaka 1965. Yeye hakuwa huntha, bali uume wake uliharibiwa katika tohara. Kwa ushauri wa mtaalamu wa saikolojia John Money wa Marekani, alipasuliwa akalelewa kama msichana. Ilitangazwa kuwa mpango umefaulu. Alipofikia ujana aliukataa, akarudi kuwa mwanamume, na mwaka 2004 alijiua. Mwili ulishughulikiwa, moyo ukasahauliwa.

Jirani zetu wa Kenya wameanza kulitazama jambo hili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamua shauri la mtoto ambaye hospitali ilimwandikia alama ya kuuliza mahali pa jinsi. Sensa ya 2019 ikahesabu watu 1,524 wa hali hiyo, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja watoto hao na haki zao.

Hapa kwetu kikwazo ni fedha. Sera ya afya inawasamehe malipo watoto walio chini ya miaka 5. Ni sera njema, lakini kwa watoto hawa ina upungufu. Mkulima wa alizeti anaweza kuona heri mwanawe apasuliwe mapema kuliko kungoja umri ambao atadaiwa fedha. Hapo umaskini ndio utakaoamua jinsi ya mtoto.

Kwa hiyo natoa rai kwamba, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, huduma zinazolipiwa ziwe pamoja na vipimo vya homoni, dawa, na ushauri kwa mtoto na wazazi wake. Upasuaji wa kuokoa maisha au kufungua njia ya mkojo ufanywe mara moja. Ule wa sura ungoje mpaka mtoto aweze kusema mwenyewe, na akiutaka asidaiwe. Aidha, wataalamu wa afya ya akili wa Hospitali ya Mirembe, Dodoma, wapangiwe zamu za kufika hospitali za mikoa kama Singida.

Watakuwapo wa kusema kwamba watoto hawa ni wachache. Ni kweli, na kwa sababu hiyo gharama yao si kubwa. Lakini mtoto aliyeachishwa shule kwa kuchekwa, akakua bila kujua pa kukimbilia, ni hasara kwa taifa zima.

Mwalimu wa Kijijini,
Mkalama, Singida.