Kelele za Mwana, Ngoma za Babu

Majuzi mzazi mmoja wa mtaa wa Amalemba, hapa mjini Kakamega, alinilalamikia. Mwanawe aliye chuoni hujifungia chumbani akasikiliza kitu kinachonguruma kama mashine ya kusagia mahindi iliyoharibika. "Huo ni muziki au ni wazimu?" aliniuliza.

Ni muziki, tena una historia. Mwaka 1976 kundi la Throbbing Gristle la Uingereza lilianzisha kampuni yake, Industrial Records, na kutokana na jina hilo ukaitwa muziki wa viwandani. Kule Tokyo, mwaka 1979, Masami Akita alianza mradi wake wa Merzbow. Alirekodi nyumbani, akanakili kaseti na kubadilishana na wenzake wa mbali kwa njia ya posta. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ilimwezesha asiye na studio kutoa kazi yake mwenyewe.

Upepo huo ulitufikia. Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi, wakijiita Duma, walitoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Usidhani ni yule mnyama. Jina hilo walilitoa kwenye Kikuyu, maana yake giza.

Sasa itazame isukuti yetu, ya Waisukha na Waidakho: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mgeni akiisikia matangani, naye atasema ni kelele! Lakini mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa wajuzi wake wengi ni wazee wasio na warithi.

Kwa hiyo, mzazi, usimnyang'anye kijana redio. Anayeweza kusikiliza mlio wa chuma saa nzima ana sikio. Mtume kwa babu yake na simu, akarekodi. Na zile kaseti za harusi na matanga zilizo kabatini, vunja vimeno viwili vya plastiki vilivyo ukingoni ili zisifutwe kwa bahati mbaya, ziepushe na jua na vumbi, kisha umwachie azinakili.

Nawe kijana, punguza sauti usiku. Babu akilala vizuri, kesho atakufundisha kupiga.