PUNGUZO LA BEI LISILO LETU



Liko jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa dogo, nalo ni kununua vitu kwa bei iliyopunguzwa, hali sisi hatumo miongoni mwa waliopunguziwa. Mtu huazima kitambulisho cha rafikiye, au humtuma jamaa mwenye haki akamnunulie, kisha hurudi nyumbani akifurahia faida. Yafaa tuulize: faida hiyo imetoka mfukoni mwa nani?

Mfano tunao karibu. Kwa muda wa miaka mingi yalikuwako Tanzania maduka ya majeshi ambayo bidhaa zake zilisamehewa kodi, ili askari apate mahitaji yake kwa bei nafuu. Katika bajeti ya mwaka 2016/17 Serikali iliufuta msamaha huo, na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alieleza kuwa ulitumiwa vibaya na kuwanufaisha watu wasiokusudiwa. Askari wakawekewa posho badala yake. Basi tazameni: wasiostahili walikula, na mlango ukafungwa mbele ya wenye haki.

Wako wasemao, “Mwenye duka ni tajiri, hapungukiwi na kitu.” Lakini punguzo hutolewa kwa hesabu. Muuzaji hukadiria watakaokuja, akajua hasara awezayo kuistahimili. Wakija wasiohesabiwa, ama hulifuta punguzo, ama huongeza bei kwa wanunuzi wengine. Na ikiwa kilichosamehewa ni kodi, upungufu huwa wa Hazina, nayo ndiyo itulipayo mishahara.

Wengine husema, “Hata sokoni twapunguziwa bei.” Hayo ni mambo mbalimbali. Katika mapatano ya sokoni muuzaji amjua amwuziaye, naye hukubali kwa hiari yake. Atumiaye kitambulisho cha mwenziwe amemnyima muuzaji hiari hiyo, maana amemficha ukweli.

Iliyo ngumu zaidi ni hoja ya undugu. Mjomba anajenga nyumba, naye ajua kuwa wewe una haki ya bei nafuu, utamwambiaje hapana? Hatulidharau jambo hili, kwani kumnyima mkubwa wako ni aibu. Lakini ukarimu ni kutoa kilicho chako. Ukiweza, mchangie kwa fedha zako, hata kama ni kidogo. Usipoweza, mweleze kwa adabu kwamba haki ile umepewa wewe, wala hukupewa ruhusa ya kuigawa.

Nasi makarani tuna sababu moja zaidi. Kazi yetu ni kuchunguza hati na sahihi. Aletaye madai ya safari asiyoisafiri, twamrudishia karatasi yake, wala hatukubali akituambia kuwa Serikali ni tajiri. Itakuwaje basi tuyakatae mezani petu asubuhi, na jioni tuyatende dukani?

Kwa hiyo twawasihi wanachama: kila mmoja adai haki yake yote bila haya, asiazime kitambulisho wala asikiazimishe, na akiwa na shaka kama anastahili, amwulize mwenye duka kabla ya kulipa. Akiambiwa hapana, na alipe bei ya watu wote.