Vibarua wa barabara Kibera na Kawangware: Mafunzo ya mtandaoni pekee hayatoshi

KWA zaidi ya miaka 15 sasa, vijana wa Kibera na Kawangware wamekuwa wakiitwa kuzibua mitaro, kuzoa taka na kupanga kabro kila serikali inapobuni mpango mpya wa ajira. Majina ya mipango hiyo yamebadilika na hata marais wamebadilika. Lakini kibarua wa leo, sawa na yule wa 2009, humaliza siku yake, hurudisha sepeto na kwenda nyumbani bila karatasi yoyote ya kuonyesha alichojifunza.

Jibu linalopendwa na wengi siku hizi ni mafunzo ya mtandaoni. Tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya virusi vya corona, masomo ya kupitia simu yamepata watetezi serikalini na miongoni mwa wafadhili. Hoja yao ni kwamba chuo ni ghali na kiko mbali, ilhali simu i mfukoni mwa kijana. Kwa nini basi asifundishwe papo hapo alipo, awe Laini Saba au Gatina?

Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, ili kujua itamfikisha kibarua wapi, ni lazima kwanza kutazama alikotoka.

Kazi Kwa Vijana ilizinduliwa 2009 na serikali ya muungano ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mbunge wa Lang'ata, eneo lililojumuisha Kibera. Mpango huo ulichafuliwa na madai ya matumizi mabaya ya fedha, na mnamo 2011 Benki ya Dunia ikasitisha ufadhili wake. Mnamo 2014 Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) iliingia Kibera, ikafungua barabara na kujenga vyoo na zahanati ikishirikiana na vijana wa mtaa. Mwaka uliofuata ikazuka kashfa ya Sh791 milioni na jina la NYS likawa la kuzungumziwa mahakamani badala ya mtaani.

Kisha ikaja Kazi Mtaani. Awamu yake ya kwanza ilianza Aprili 2020 katika mitaa ya mabanda, Kibera ikiwemo, ili kuwapa riziki vijana waliopoteza vibarua kutokana na corona. Kufikia awamu ya pili, iliyoanza Julai mwaka huo, mpango ulikuwa umetengewa Sh10 bilioni na kulenga zaidi ya vijana 270,000 kote nchini. Kibarua alilipwa Sh455 kwa siku na msimamizi Sh505. Kazi nayo ilibadilika, kwani mbali na kufagia na kuzibua mitaro, vijana walianza kutengeneza njia za miguu, kupanga kabro na kujenga vyoo.

Hapo ndipo suala la mafunzo lilipopata uzito wa kweli. Kufagia hakuhitaji mwalimu. Kupanga kabro kunahitaji.

Mpita njia hudhani kwamba kabro ni kazi ya kuweka tofali kando ya tofali. Fundi anajua kwamba tofali ndiyo sehemu rahisi. Udongo wa chini lazima uchimbwe hadi ule ulio laini utoke wote, kisha tabaka la kokoto lishindiliwe likiwa na maji ya kiasi, si makavu wala tope. Juu yake huja mchanga wa unene wa sentimita 3 hadi 5, uliosawazishwa kwa ubao. Kabro za njia ya miguu kwa kawaida huwa na unene wa milimita 60, na zile za kupitisha magari milimita 80. Kingo zisipozuiwa kwa mawe yaliyokitwa kwa zege, kabro za kando husogea mvua ya kwanza inaponyesha, na za katikati huzifuata.

Lililo kubwa kupita yote ni maji. Njia lazima iwe na mwinamo ili maji yaende mtaroni, na mtaro nao uwe na mteremko hadi mwisho wake. Kibera imekaa kwenye miteremko inayoshuka kuelekea mto Ngong na bwawa la Nairobi. Mtaro uliochimbwa kwa kukadiria macho katika mteremko kama huo hujaza taka na mchanga pale unapolala, kisha humwaga maji katika nyumba ya jirani. Wakazi waliopitia mvua za Machi hadi Mei 2024, zilizoua zaidi ya watu 200 nchini, hawahitaji kuelezwa maana ya mtaro mbovu.

Simu inaweza kufundisha mambo mangapi kati ya hayo?

Mengi, kusema kweli. Video ya dakika 5 inaweza kumwonyesha kijana jinsi uzi na levo vinavyotumiwa kupima mteremko, na anaweza kuitazama mara 10 bila mwalimu kumkaripia. Mpangilio wa matabaka, vipimo vya saruji, mchanga na kokoto, pamoja na sababu ya kumwagilia zege maji kwa angalau siku 7 ili isipasuke, yote hayo yanafundishika kwa picha. Hali kadhalika hesabu ya kukadiria vifaa, ambayo humtenganisha mtu wa mkono na fundi anayeweza kukubaliana bei na mwenye kazi.

Isitoshe, Kibera haina sababu ya kuogopa teknolojia. Mnamo 2009, wakati ambapo mtaa huo ulikuwa kama pengo tupu katika ramani nyingi za Nairobi, vijana wake walifunzwa kutumia vifaa vya GPS na wakachora ramani ya mtaa wao kwenye intaneti kupitia mradi wa Map Kibera. Njia, vituo vya maji, vyoo na shule vikaonekana. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa wahandisi.

Lakini ramani hiyo haikuchorwa kwa kutazama kioo tu. Vijana walitembea vichochoroni wakiwa na vifaa mkononi na wakufunzi karibu. Na kazi ya barabara ni nzito zaidi ya hiyo, kwa kuwa kujua kama udongo umeshindiliwa vya kutosha ni ujuzi wa nyayo na mikono. Udongo mwekundu wa upande wa Dagoretti, ambako Kawangware iko, hautendi kama ule mweusi wa maeneo mengine ya Nairobi, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Hakuna video itakayomwambia kibarua kwamba huu aliokanyaga sasa hivi bado haujakaza. Atamwambia nyapara anayejua kazi, akisimama kando yake.

Kenya ililijua jambo hili zamani. Mnamo 1974 serikali ilianzisha mpango wa barabara za mashambani uliotegemea vibarua wa vijijini badala ya tingatinga, na kufikia katikati ya miaka ya 80 ulikuwa umejenga karibu kilomita 8,000. Wageni kutoka mataifa mengi ya Afrika walikuja kujifunza siri ya mafanikio hayo. Siri yenyewe ilikuwa kwamba kabla ya kuajiri vibarua wengi, wasimamizi wao walifunzwa kwanza. Chuo cha Kisii kilichojipatia sifa kwa mafunzo hayo leo ni tawi la Taasisi ya Barabara Kuu na Teknolojia ya Ujenzi ya Kenya (KIHBT). Makao makuu ya taasisi hiyo yako South C, kilomita chache tu kutoka Kibera.

Mipango ya mijini iliyofuata ilipanga mambo kinyume. Vibarua walisajiliwa kwanza, wengi kupitia ofisi za machifu, na wasimamizi wakachaguliwa miongoni mwao wakiwa na tofauti ya ujira ya Sh50 kwa siku. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutojua asichofunzwa, lakini hawezi kufunza wenzake vilevile. Iwapo kuna mahali pa kuanzia mafunzo ya mtandaoni, ni kwa nyapara, wala si kwa umati wa vibarua. Yeye asome nadharia kwenye simu jioni, apelekwe chuoni kwa siku chache za vitendo, kisha arudi mtaani awafunze 20 walio chini yake.

Kuna kikwazo kingine ambacho wapangaji wa mafunzo hukipita haraka, nacho ni muda. Anayeishi kwa kibarua huuza saa zake. Saa anayoitumia kutazama somo ni saa ambayo hajafua nguo za mtu Lavington wala kubeba mzigo katika soko la Kawangware, na data anayoitumia ameinunua kwa pesa ambazo zingenunua unga. Mwanafunzi wa chuo kikuu husoma akitarajia kulipwa baadaye. Kibarua ana kodi ya nyumba ya mwezi huu.

Suluhisho lake si gumu kulihesabu. Kwa ujira wa Sh455 na siku ya kazi ya saa 8, saa 2 za mafunzo kwa wiki zina thamani ya takriban Sh114 kwa kila kijana. Kama saa hizo zingehesabiwa kuwa kazi, na masomo kupakuliwa kwenye simu mahali penye intaneti ya bure, mahudhurio yasingekuwa tatizo. Fedha za barabara zipo pia. Kila anayenunua lita ya petroli, hata mwendeshaji bodaboda wa Kawangware, hulipa ushuru wa Sh25 wa kukarabati barabara, uliopandishwa kutoka Sh18 mwaka 2024. Mwaka uliofuata serikali iliamua kutumia Sh7 kati ya hizo kama dhamana ya kukopa pesa za kuwalipa wanakandarasi wanaoidai. Wanakandarasi wamepata fungu lao linalojulikana kwa kiasi. La kumfunza kibarua halijatajwa.

Lugha nayo ni tatizo. Shirika la Kazi Duniani, kupitia kituo chake cha mafunzo kilichoko Turin nchini Italia, hutoa kozi za mtandaoni kuhusu ujenzi unaotumia vibarua wengi, lakini hizo huwalenga wahandisi na maafisa. Mtaani, amri za kazi hutolewa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Somo lililoandikwa kwa Kiingereza cha vitabu litamfikia yule aliyemaliza kidato cha nne na kumwacha aliyeacha shule darasa la saba, ambaye pengine ndiye fundi hodari zaidi katika kundi.

Tuseme basi vikwazo vyote hivyo vimeondolewa, kijana amesoma, amefanya mazoezi na amehitimu. Cheti chake kitatambuliwa na nani?

Kwa muda mrefu mafundi wa Kenya wamefanya mitihani ya gredi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya 2011, nayo huwaidhinisha mafundi na wasimamizi wa mijengo. Mnamo 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupitia darasani. Kwa kijana aliyepanga kabro katika Kazi Mtaani, sera hiyo ndiyo mlango ulio karibu zaidi. Lakini anayekwenda kupimwa huulizwa alifanya kazi gani, wapi na chini ya nani. Mpango wenyewe ulikwisha baada ya serikali mpya kuingia Septemba 2022, na kijana ambaye hakuandikiwa chochote wakati ule hana pa kuanzia isipokuwa ujumbe wa M-Pesa uliomwonyesha kwamba alilipwa.

Ukosefu huo wa kumbukumbu una gharama inayoonekana. Sheria ya ununuzi wa umma inahifadhi asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na walemavu. Kundi la vijana wa Lindi au Kabiro linalotaka kandarasi ya kutengeneza njia ya mtaa wao lazima lisajiliwe na NCA, yenye madaraja 8 ya wanakandarasi, na usajili huo hudai ushahidi wa ujuzi. Asiye nao hubaki kuajiriwa kwa siku na yule aliyeshinda zabuni.

Wakazi wa Kibera wanazo sababu za kulichukulia suala hili kwa uzito. Mnamo Julai 23, 2018 matingatinga yaliingia mtaani humo na kubomoa nyumba, shule na makanisa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Makumi ya maelfu ya watu walipoteza makao. Barabara ilijengwa. Oktoba 2022 Rais William Ruto alipokuwa Soweto Mashariki kuanzisha ujenzi wa nyumba mpya, alisema vijana wa Kazi Mtaani watahamishiwa kwenye miradi ya nyumba. Tangu hapo zimekuja Green Army ya Kaunti ya Nairobi, iliyoajiri watu 3,500 mnamo 2023, na mpango wa ClimateWorX wa kusafisha mito, ulioanza 2024.

Mipango hii miwili ina vibarua wanaofanya kazi kila siku chini ya wasimamizi wanaojulikana kwa majina. Daftari la kuandika ni nani amejenga mtaro upi, wa mita ngapi, na kama ulihimili mvua, halihitaji chuo wala mfadhili. Simu ya nyapara inatosha kupiga picha ya kazi kabla na baada. Kwa upande wa NITA, ofisi zake ziko Commercial Street, Industrial Area, na kutoka Laini Saba vibarua wengi huelekea Industrial Area kwa miguu kila alfajiri, wakipita reli, kwenda kusimama kwenye malango ya viwanda.