Kuku akimaliza dawa zote, wewe utatibiwa na nini?

Mpenzi msomaji, juzi juzi nilimtembelea shoga yangu mmoja anayefuga kuku wa kisasa uani kwake. Jina simtaji, tusije tukakosana bure. Nikamkuta anakoroga unga wa njano kwenye maji ya kuku.

"Wanaumwa nini, shoga?"

"Hawaumwi, nawakinga tu!"

Hajamaliza kukoroga, mteja huyo mlangoni. Shoga akaingia bandani, akakamata wawili, akapokea chake. Mimi nikanyamaza, mgeni hana kauli. Ila hapa kwenye safu yangu, jamani, sinyamazi!

Unga ule ni OTC, yaani oksitetrasaiklini. Ni antibiotiki ya ukoo mmoja na tetrasaiklini na doksisaiklini tunazoandikiwa sisi hospitali. Tumboni mwa kuku mna bakteria chungu nzima. Ukiwaonjesha dawa kidogo kidogo kila siku, wanyonge wanakufa, wababe wanabaki na kuzaana. Wapo ambao wakipata joto na chakula wanaongezeka maradufu kwa dakika 20 tu. Tena wana umbea wao: wanapeana siri ya kuikwepa dawa, hata wasio wa kabila moja.

Utasema, "Aa, mimi kuku namchemsha mpaka anaachia mfupa." Sawa, kwenye moto bakteria anakufa. Lakini kabla hajafika jikoni ulimkatia kwenye kibao, na kisu hicho hicho ukakatia kachumbari. Mbolea ya banda nayo imemwagwa kwenye bustani ya mchicha. Baadaye mtoto anaugua, daktari anaandika dawa, dozi inakwisha, homa iko pale pale. Hapo watu wanaanza kumtafuta mchawi!

Wenzetu walishituka. Mwaka 2005 Marekani iliizuia enrofloksasini kwa kuku, baada ya bakteria wa tumbo la kuendesha, Campylobacter, kuanza kuwa sugu kwa dawa za ukoo huo. Mwaka 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zikapiga marufuku kuchanganya antibiotiki kwenye chakula cha mifugo ili inenepe. Si mchezo: watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 peke yake, watu milioni 1.27 duniani waliuawa na maambukizi ya bakteria waliogoma kusikia dawa.

Haya shoga, najua unasoma. Najua pia kuku ndio ada ya watoto, na banda likivamiwa na ugonjwa mtaji wote unakwenda na maji. Lakini mdondo, wengine huuita kideri, unaletwa na virusi. Gumboro vile vile. Antibiotiki hazivigusi hata kidogo, ni kutupa hela. Kinga yake ni chanjo, tena kwa ratiba. Banda liwe kavu, maranda yabadilishwe, kuku wasibanane kama abiria wa daladala jioni.

Wakiumwa kweli, mwite mtaalamu wa mifugo kabla hujakimbilia dukani. Akikupa dawa, wape kipimo kamili kwa siku zote alizosema. Halafu soma pakiti: zimeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuuza nyama au mayai. Siku hizo si pambo, shoga. Mteja yule wa mlangoni alibeba kuku na dawa yake mwilini.

Na wewe mnunuzi, usijifanye humo. Muulize muuzaji, "Hawa wamekunywa dawa lini?" Ukifika nyumbani, nawa mikono kwa sabuni, na kibao cha kuku kisiwe cha kachumbari.

Sikukuu ikifika, shoga, nitakuja kula kuku kwako kama kawaida. Ila safari hii, kabla sijanawa, nitakuuliza: siku zimetimia?