Walinzi wa mito wapewe meno

Katika vijiji vingi vya Shinyanga na Geita, mto unalindwa na watu wasiolipwa. Ni wajumbe wa kamati za mazingira za vijiji na wa jumuiya za watumia maji. Wanapanda miti kingoni, wanawaondoa wanaolima hadi kwenye maji, wanabishana na madereva wa malori ya mchanga. Wanafanya hivyo wakitoka shambani, kwa baiskeli zao na kwa vocha zao. Sisi tunasema wazi kwamba watu hawa wameachiwa mzigo peke yao, na halmashauri zina uwezo wa kuubeba pamoja nao.

Shinyanga si mkoa wa kufundishwa kujitolea. Misitu yake ilifyekwa, kwanza ili kuangamiza mbung'o, kisha kupisha pamba, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na malisho yao ya akiba. Ardhi ikabaki tupu kiasi cha kumshtua Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Kilichouokoa mkoa hasa ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza na kuifungua kiangazi, ng'ombe wanapokosa majani. Hapakuhitajika seng'enge. Mpaka unajulikana, na anayeuvunja anajibu mbele ya sungusungu na dagashida, yaani baraza la kimila la wanakijiji. Ngitili zilizoorodheshwa, ambazo zilikuwa zimebaki takriban hekta 600, zilizidi hekta 300,000 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya UNDP.

Siri ya mafanikio hayo ni nyepesi. Malisho, kuni, nyasi za kuezekea na asali vilibaki kwa waliolinda, na adhabu ilitolewa na waliolinda. Mlinzi wa mto hana hata kimoja kati ya hivyo. Anayefaidika na maji safi mara nyingi yuko wilaya nyingine huko chini, na anayeharibu huja na fedha mkononi, tena huenda akawa mtoto wa jirani.

Hapa ndipo dhahabu inapoingia. Ukifika kwenye mwalo wa wachimbaji wadogo utaona mchanga uliosagwa kwenye karasha ukipitishwa juu ya magunia kwa maji ya kijito, kisha mtu akichanganya zebaki kwenye karai kwa mikono mitupu. Donge linalopatikana linakamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa motoni, mara nyingine karibu na wanaopika chakula. Sehemu ya zebaki inapaa na moshi, nyingine inabaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Mvua ikinyesha, marudio yanateremka kijitoni. Kwenye tope, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, inayopanda kutoka samaki mdogo hadi samaki mkubwa hadi kwa mama mjamzito. Kijiji cha Rwamagasa kilichunguzwa kwa ajili hiyo na mradi wa UNIDO mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Zebaki bado inatumika. Na miti inaendelea kukatwa kwa ajili ya matimba ya kushikilia kuta za maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, hivyo milima inayolisha vijito inabaki kipara.

Tena ukanda huu ni mgongo wa nchi unaogawanya maji. Maji ya Rwamagasa, ingawa yako Geita, hayaendi Ziwa Victoria. Yanashuka hadi Mto Nikonga, Mto Malagarasi, na hatimaye Ziwa Tanganyika. Mto Isanga unaingia Ziwa Victoria. Mto Manonga unaelekea Ziwa Kitangiri. Basi mabonde ni matatu, na ofisi zake ziko Mwanza, Kigoma na Singida. Mwanakijiji anayeona marudio yakimwagwa mtoni usiku hana gari la kuifikia hata iliyo karibu. Anachoweza ni kumpigia mtendaji wa kijiji na kusubiri.

Sheria si haba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji. Lakini mita 60 bila bikoni ni maneno tu, kila mtu anapima kwa macho yake. Na mjumbe asiye na kitambulisho akimzuia mwenye lori, anaulizwa yeye ni nani.

Tunataka kila halmashauri itunge sheria ndogo inayompa mjumbe huyo hadhi ya mlinzi na kuiachia jumuiya yake sehemu ya faini. Bikoni zisimikwe, kwa kuanza na vijito vinavyopita machimboni. Wachimbaji watengewe mialo mbali na maji, wapewe retoti za kunasa moshi wa zebaki, na viongozi wao waingie kwenye jumuiya kama wanachama, maana bila wao vita hii ni ya majirani kwa majirani.

Fedha zipo. Halmashauri za ukanda huu zinapokea ushuru wa huduma kutoka migodini, na kampuni za madini zinawajibika kisheria kukubaliana nazo kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii. Madarasa na zahanati zimejengwa kwa fedha hizo, jambo jema tunalolipongeza. Mto nao uwe na kifungu chake: miche, mabuti, mafuta ya pikipiki, vipimo vya maji mara kwa mara, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Madiwani wa Geita, Mbogwe, Kahama na Shinyanga wanaweza kulipitisha hilo kwenye bajeti ijayo bila kusubiri agizo kutoka Dodoma.