Chakula cha skuli: ugomvi wetu usipite kwa mtoto



Leo tuzungumze jambo ambalo huonekana dogo mpaka likufike mwenyewe: mwalimu kukataa chakula ulichomfungia mtoto. Umeamka alfajiri, umesali, umekaanga, umefunga, mtoto kaondoka na kopo lake. Mchana anarudi nalo vile vile limejaa na maneno juu: "Mama, mwalimu kasema nisije tena na hichi." Hapo moyo unapanda. Simu unayo mkononi, na grupu la wazazi liko wazi.

Msimamo wangu nausema mapema. Skuli ina haki ya kuweka masharti ya chakula, na mzazi ana haki ya kuyahoji. Lakini mazungumzo hayo ni ya watu wazima. Mtoto asifanywe tarishi, na wala asikae na njaa kwa sababu sisi wakubwa hatujaelewana.

Mimi ni fundi wa nguo. Msimu wa sare unapoingia, mwezi wa Disemba na Januari, akina mama hujaa kibandani kwangu, na wakati wa kupima watoto yanasemwa mengi. La chakula halikosi. Mmoja kakatazwa soda na chipsi za pakti. Mwengine kaambiwa wali basi, unamwagika darasani. Mwengine karanga hazitakiwi kabisa. Ukisikiliza upande wa mama peke yake, utaona mwalimu ni mkorofi tu. Lakini sababu mara nyingi ipo.

Tuanze na soda. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina sukari ya takriban vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika ushauri wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula cha siku nzima, na linasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama vijiko sita. Sasa mtoto wa darasa la pili akinywa chupa nzima saa nne asubuhi, mwalimu akisema hapana, mimi namuunga mkono.

Karanga nazo zina yake. Wapo watoto ambao miili yao haizitaki: mtoto huvimba midomo, koo hubana, pumzi ikawa tabu. Na watoto wetu tunawajua, hugawana kila kitu. Mwalimu mwenye mtoto kama huyo darasani hawezi kutangaza maradhi ya mtoto wa mwenzio kwa kila mzazi. Atasema tu, "Karanga basi," na wewe utadhani anakuonea.

Na juisi za kufunga na vyakula vya wazi, tusijisahaulishe. Mwaka 2016 kipindupindu kilipotuandama hapa Zanzibar, biashara hizo zilizuiwa. Waliokuwa wakiuza waliumia, na mimi kama mfanyabiashara nawaelewa. Lakini hakuna aliyesema maisha ya watoto ni kitu kidogo.

Pamoja na yote hayo, mwalimu naye ana mipaka yake.

Kumchukulia mtoto chakula akakaa na njaa mpaka adhuhuri si malezi. Mtoto wa miaka sita hakwenda dukani kununua chipsi zile. Nimenunua mimi, nikamfungia mimi. Kumsimamisha mbele ya wenzake na kulionesha kopo lake ni kumtia aibu kwa kosa lisilo lake. Anachotakiwa mwalimu ni kumwacha ale leo, kisha aniandikie au anipigie mimi. Hapo kwangu hakuna mjadala.

Jengine ni uwezo. Skuli ikiandika kila mtoto aje na yai na tunda kila siku, ni jambo jema kulisoma. Lakini mama mwenye watoto wanne, kwa siku tano, hayo ni mayai 20 kwa wiki, na trei zima lina mayai 30. Kuna nyumba ambazo trei halijaingia tangu Sikukuu. Mama wa nyumba hiyo hatanyanyua mkono mkutanoni akasema hana. Tunaoweza kusema tuseme kwa ajili yake: skuli ikubali kiazi kitamu cha kuchemsha, muhogo, ndizi mbivu, kipande cha boflo. Ni vyakula vyetu, vinashibisha, na mtoto anavila bila ya kuona haya.

La mwisho katika haya ni zito, lakini tulisemeni. Kuna skuli ambazo mtoto hukatazwa kuja na chakula chake, na mwalimu huyo huyo ana ndoo ya visheti au malai anayowauzia watoto wakati wa mapumziko. Siwalaumu walimu kwa kutafuta riziki; sote tunatafuta. Lakini anayeweka sharti asiwe ndiye anayefaidika nalo. Hilo ni la kulifikisha kwa mwalimu mkuu, kwa adabu na kwa uwazi, wala si la kumsema mtu uchochoroni.

Sasa likikufika, ufanyeje?

Kwanza, msikilize mtoto lakini usimhukumu mwalimu mbele yake. Mwambie, "Nimesikia, nitazungumza na mwalimu wako." Imetosha. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakiki habari kabla ya kuwafanyia watu jambo tukaja kujuta. Mtoto si lazima awe muongo, ila mara nyingi hufika nyumbani na nusu ya maneno.

Pili, lifuate sharti kesho yake, hata kama hulipendi. Ukimfungia tena kile kile ili umuoneshe mwalimu kuwa huogopi, atakayeulizwa mbele ya darasa ni mtoto wako, wewe uko nyumbani.

Tatu, nenda mwenyewe. Usimvamie mlangoni asubuhi watoto wanaingia. Omba wakati wake. Anza kwa kuuliza: "Mwalimu, nimeambiwa chakula cha mwanangu kina tatizo, naomba nielewe." Mteja wangu mmoja alifanya hivyo bajia zake zilipokataliwa. Kumbe bajia hazikuwa na neno. Tatizo lilikuwa chatne, ilimwagika ikaharibu madaftari ya watoto watatu. Wakakubaliana bajia bila ya chatne, wakaachana kwa salama.

Nne, mkishindwana, kuna mwalimu mkuu na kuna kamati ya skuli. Grupu la wazazi halimo katika ngazi hizo. Ukiandika huko baada ya magharibi, mpaka isha mwalimu ameshaitwa kila jina, na watu ambao hata hawakijui kisa wameongeza chumvi zao. Asubuhi mtoto wako anakwenda kukaa mbele ya mwalimu huyo huyo, na maneno yote ameshayasoma.

Wako wanaosema, "Mimi siwezi kunyenyekea kwa mwalimu, pesa zangu mwenyewe." Nabii Musa na Nabii Harun, alayhima salaam, walipotumwa kwa Firauni waliamrishwa waseme naye kwa upole. Mwalimu wa mwanangu si Firauni, na mimi si Musa. Kusema kwa upole hakukuzuii kudai haki yako. Unaweza kusema taratibu kabisa, "Mwalimu, hili la kumnyima chakula sikubaliani nalo," na usiondoke mpaka upate jibu.

Tukumbuke pia kwamba mtoto atakuwa mikononi mwa mwalimu huyu tangu Januari mpaka Disemba. Siku akianguka uwanjani, siku homa ikimpanda darasani, wa kwanza kumshika ni yeye. Mwalimu anayejua anaweza kukupigia simu bila ya kutukanwa atakupigia mapema. Hilo mimi nalitaka zaidi kuliko kushinda ugomvi wa bajia.

Allah atuhifadhie watoto wetu, awalipe kheri walimu wao, na atupe sote ulimi mwema. Wabillahi tawfiq.